Zubeda Alikuwa Mtoto Wetu

Saida mwanangu,

Wewe na baba yako mmekwenda mjini kununua sanduku ambalo zipu yake inafunga, nami nimebaki peke yangu na alasiri nzima. Kesho asubuhi basi litakuchukua mpaka Port Elizabeth, na Jumatatu utasimama mbele ya darasa lako la kwanza. Mama mwingine angekuandikia habari za chakula, baridi na wanaume. Hayo unayajua, na usiyoyajua utayajua bila mimi. Nina jambo moja tu, nalo nilipaswa kukwambia tangu ulipokuwa na miaka kumi na miwili. Kila mwaka nilisema mwaka ujao.

Unakumbuka wiki iliyopita tulipokuwa tunakula, ulisema umeshapata somo la kuanza nalo. Utawatuma watoto wakaulize nyumbani kwao wazee walitoka wapi na walifikaje hapa. Ukasema, "Mimi mwenyewe nitaanza kwa kuwaambia kwamba wazee wangu walikuwa watumwa, ili wao wasione haya." Nikainuka nikaenda jikoni, nikafungua bomba na kuyaacha maji yatiririke. Ulinifuata, ukaniuliza umesema kosa gani. Nilikwambia pilipili imeniingia machoni. Hapakuwa na pilipili siku ile, na nadhani ulijua.

Hukusema kosa. Maneno hayo yaliwahi kusemwa darasani na mtoto wa miaka kumi na mmoja, na mwalimu wa darasa hilo nilikuwa mimi.

Wewe umezaliwa hapa Chatsworth, kwa hiyo Bluff, kile kilima cha pwani, kwako ni mahali pa kwenda siku ya mapumziko. Mimi nilizaliwa kule. Tulikuwa na nyumba za mbao na mabati kwenye mteremko, msikiti wetu, makaburi yetu, mihogo nyuma ya kila jiko, na shule moja ndogo ya vyumba vitatu. Bibi yangu, yaani mama yake bibi yako Rehema, aliletwa Durban akiwa mtoto. Alikuwa Mmakua kutoka bara ya Msumbiji. Aliibwa kwao, akauzwa, akapakiwa chomboni, na baharini meli ya Waingereza ikawakamata waliompakia. Waingereza hawakumrudisha kwao. Walimleta hapa pamoja na wenzake, wakawaambia sasa ni watu huru, kisha wakawagawa kwa wenye mashamba na wenye majumba wawatumikie kwa miaka kadhaa kabla uhuru huo haujaanza. Bibi alikuwa akisimulia haya huku anapepeta mchele, kwa sauti ile ile ya kusema kwamba mchele una mawe. Yeye hakuona aibu. Aibu ilikuja baadaye, na ililetwa na karatasi.

Nilipokuwa msichana, serikali ilianza kumwandika kila mtu kwa rangi na asili yake. Sisi kwanza tuliandikwa Bantu. Maana yake ilikuwa kutembea na hati ya pasi mfukoni, na kuhamishiwa vitongoji vya mbali siku yoyote wakubwa watakapoamua. Mjomba wangu alilala rumande mara mbili kwa kusahau ile pasi nyumbani. Wazee wakakutana, wakaandika barua moja baada ya nyingine: sisi si wenyeji wa hapa, sisi ni Wazanzibari, Waislamu, watu wa upande wa Asia. Kati yetu sote hapakuwa na mtu aliyeifahamu Zanzibar. Lakini neno lile lilikuwa mlango uliobaki wazi kidogo, na kila mtu alitaka kupenya kabla haujafungwa.

Ndipo shule ikaingia. Mwalimu mkuu wetu alikuwa mtu mwema, nataka ujue hivyo. Alinisaidia kupata cheti cha ualimu mimi, msichana wa kwanza wa Bluff kukipata. Alituita walimu wote watatu, akasema kuanzia leo kuna maneno mawili ambayo hayatatamkwa ndani ya ua huu, Mmakua na mtumwa. Watoto wakiulizwa, wajibu kwamba wazee wao walitoka Zanzibar, wakaja kufanya kazi. Nikawafundisha. Waliimba jibu lile kila asubuhi, kama wanavyoimba hesabu za mara mbili na mara tatu, na baada ya wiki hata wale wa chini kabisa walilijua.

Si wote waliokubali. Wazazi waligawanyika, na ugomvi ukafika mpaka msikitini. Wako waliosema huwezi kumfundisha mtoto amkane bibi yake kisha umwambie aheshimu wazee. Wako waliosema heshima haizuii lori la serikali. Bibi yako Rehema alikuwa upande wa kwanza, na hakuwa mtu wa kunong'ona. Jioni watoto wakitoka chuoni kusoma Kurani, aliwakalisha barazani kwake akawapa mihogo ya kuchemsha, akawasimulia yale yale niliyokuwa nawafundisha wasiyaseme. Mwalimu mkuu alikuja nyumbani kwetu kumsihi aache. Nilikuwa nimesimama mlangoni na sinia ya chai.

"Bi Rehema," alisema, "huo ukweli wako utatupeleka kwenye vitongoji, KwaMashu."

"Na uongo wenu," mama akamjibu, "utatupeleka wapi?"

Nilitamani ardhi inimeze. Nilimwonea aibu mama yangu mbele ya mkuu wangu wa kazi. Nilikuwa na miaka ishirini na sita, nina cheti, nina mshahara, nina viatu vya visigino, na kila usiku nilikuwa nahesabu siku zilizobaki kabla ya jibu la serikali.

Katika darasa langu alikuwamo Zubeda. Mama yake, Bi Salama, alikuwa dobi wa majumba ya wazungu, mjane, aliyempata Zubeda ukubwani baada ya watu kukata tamaa kwamba atazaa. Mtoto alikuwa mwembamba, mwenye magoti makubwa, na kichwa chake kilikuwa chepesi kuliko cha mtoto yeyote niliyewahi kumfundisha, pamoja na wewe. Nilikuwa namwachia ufunguo wa kabati la vitabu. Alikuwa na tabia moja: mimi nikikosea hesabu ubaoni alinyoosha mkono, akangoja mpaka nimwone, kisha akasema taratibu, "Samahani, Mwalimu." Nilikuwa nimewafundisha hivyo. Niliwaambia mwalimu naye ni binadamu, mkosoeni kwa adabu.

Siku ya wageni ilikuja. Walikuwa wawili, mkaguzi wa shule na bwana mwembamba kutoka ofisi iliyokuwa ikituandika, mwenye daftari. Huyu wa pili ndiye tuliyemwogopa. Alizunguka kati ya madawati, akatazama nywele za watoto, akatazama kucha zao. Kisha akauliza wazee wao walitoka wapi. Darasa zima likaimba Zanzibar. Walikuja kufanya nini? Kufanya kazi, bwana. Akasema vizuri, na huko Zanzibar walikuwa na kazi gani?

Hilo sikuwa nimewafundisha. Zubeda akanyoosha mkono.

Nilimwona, Saida. Ningeweza kumwambia shusha mkono. Nilisimama pale nikimtazama, naye akachukua kutazama kwangu kuwa ruhusa. Akasimama, akasema kwa Kiingereza safi nilichomfundisha mwenyewe kwamba bibi yake alikuwa mtumwa, alikuwa Mmakua, na aliuzwa kwa shuka.

Yule bwana aliacha kuandika. Hakumtazama Zubeda, alinigeukia mimi. Akaniuliza kama mtoto huyu ni wa watu wetu.

Nikasema, "Hapana, bwana. Huyu ni mtoto wa kienyeji. Dobi mmoja alimwokota akamlea."

Sikufikiri kabla ya kusema. Nimejiuliza mara nyingi kama niliyafikiri maneno yale usiku uliotangulia, maana yalitoka yamepangwa vizuri mno. Bwana yule akaandika. Nami nikasikia mguu wa dawati ukikwaruza sakafu, nikatazama, nikaona Zubeda ameketi na amenyoosha mkono tena. Alidhani nimekosea. Alikuwa anangoja nimwone, anikosoe kwa adabu.

Sikumwona. Nilikaa nikimtazama mkaguzi mpaka wageni walipotoka, na mkono ule ulikuwa bado juu.

Haikupita miezi miwili watu wa ile ofisi wakaenda kwa Bi Salama. Hakuwa na cheti cha kuzaliwa cha mtoto. Wengi wetu hatukuwa navyo. Walimwambia kama mtoto ni wa kienyeji na anasema ni wake, basi naye ni wa kienyeji. Wote wawili wakaandikwa hivyo, wakapewa siku za kufunga vitu vyao waende Umlazi, kitongoji cha wenyeji. Bi Salama alikuja shuleni na barua ile mkononi. Hakujua kusoma. Alisimama nje ya mlango wa darasa langu, mikono imechakaa kwa sabuni, akaniomba nimwandikie mistari miwili tu, kwamba Zubeda ni mtoto wake wa kumzaa na kila mtu wa Bluff anajua. Nikamwambia ninafundisha, angoje. Nikaingia kwa mwalimu mkuu kumuuliza. Akasema nikiandika wataniuliza kwa nini nilisema lile la kwanza, na nikikutwa mwongo katika moja nitaonekana mwongo katika yote, na majina ya watu wote yako kwenye orodha ile ile. Nikarudi darasani. Kengele ililia, nikaendelea kufundisha. Watoto walishangaa. Niliendelea mpaka kivuli cha Bi Salama kilipoondoka mlangoni.

Siku lori lilipokuja nilikuwa nyumbani, nimejifungia. Bibi yako alikwenda kuwaaga. Aliporudi alivua kanga yake ya kichwani, akaikunja, akaketi mbele yangu.

"Mama yangu walimnunua kwa shuka," alisema. "Zubeda wewe umemtoa bure."

Hakuna neno jingine alilolisema juu ya jambo lile mpaka alipokufa. Aliishi nami miaka tisa zaidi, akala chakula changu, akaniombea nilipougua. Lakini hakuniita tena kwa jina alilonipa. Mbele ya watu na tukiwa wawili, aliniita Mwalimu. Wageni walidhani ni fahari ya mzazi.

Na karatasi ilikuja, tukaitwa Waasia. Tulichinja mbuzi. Kisha wakatwambia kwamba kwa kuwa ni Waasia hatuwezi kukaa Bluff, pale ni pa wazungu, na malori yakaja kutuchukua sisi pia, mpaka hapa Chatsworth. Yalifanana na lile la kwanza.

Nilifundisha miaka mingine thelathini. Watu wanafikiri mtu aliyetenda jambo kama hili huota ndoto mbaya. Mimi nililala vizuri. Ilinijia mchana, kazini. Kila mwaka nilipata mtoto mmoja mwenye kichwa chepesi, na kila mwaka nilimbana. Nilipomwona msichana amenyoosha mkono, nilimwita mwingine. Nikiita majina asubuhi, nikifika mwisho wa daftari nilisita kidogo, kana kwamba kuna mmoja zaidi. Mara mbili nilisikia, "Samahani, Mwalimu," nikageuka kutoka ubaoni, watoto wote wameinamisha vichwa wanaandika. Na ubaoni nilikuwa nimekosea kweli hesabu.

Na wewe. Ulipokuwa na miaka mitano nilikupeleka kliniki. Muuguzi alikuuliza jina, ukamjibu kwa Kiswahili, ukaongeza kwamba nyumbani ndivyo tunavyosema. Nilikuzaba kofi mbele ya watu. Hukulia, ulinitazama tu. Tangu siku ile Kiswahili kikawa lugha yako na baba yako, mimi ukazungumza nami kwa Kiingereza, nami nikajifanya sioni. Leo nakuandikia kwa lugha hii kwa sababu lile nililolikana nililikana kwa Kiingereza, na sitaki kulikiri kwa lugha hiyo.

Sasa nikufikishe mwaka huu. Unajua kamati ya wazee inakusanya madai ya ardhi yetu ya Bluff, kama wanavyofanya watu wengi waliohamishwa. Waliniomba mimi, mwalimu wa zamani mwenye kumbukumbu, niandike orodha ya nyumba zote zilizokuwapo na waliokuwa wanakaa. Nilianza kutoka msikitini kushuka chini, mlango kwa mlango. Nilipofika nyumba ya saba, ya Bi Salama, nikaweka kalamu chini. Orodha ikakaa kabatini wiki tatu.

Ndani ya wiki hizo nilikwenda sokoni Warwick na Mama Bea, yule Mkongo anayesuka nywele Greyville, ambaye nawafundisha wanawe Kiingereza. Alitaka sare za shule. Tukapita kwa wanawake wanaochemsha mahindi kwenye mapipa, moshi umetanda. Mama Bea akashika hindi moja, akanigeukia akaniambia kwa Kiswahili chake, "Mwalimu, hii mahindi iko mbichi, tusinunue."

Mwenye mahindi alikuwa ameinama anachochea kuni. Wenzake walikuwa wakimwita Mam' Thoko. Bila kuinua kichwa akasema, "Si mabichi. Yameiva."

Kilikuwa Kiswahili cha mtoto wa Bluff. Mama Bea akacheka, akamwuliza kama yeye ni Mtanzania. Mwanamke yule akanyooka, akanitazama mimi. Magoti sikuyaona, alivaa sketi ndefu, lakini nilimjua kabla hajasema neno jingine: alikuwa Zubeda.

"Mwalimu," alisema. "Bi Rehema yuko hai?"

Nikamwambia amefariki zamani. Akafuta mikono. Hakunitukana. Alinisimulia akiwa amesimama, huku akiwauzia watu, kwamba mama yake hakumaliza mwaka wa pili Umlazi. Kwamba shule ya kule ilifundisha kwa Kizulu, yeye hakukijua, wakamrudisha darasa la watoto wadogo, akaacha. Aliolewa, akapewa jina jingine, ana mtoto wa kiume na mabinti wawili. Akasema anapowaambia wanawe kwamba alizaliwa Bluff, kwamba alisoma Kurani, kwamba alishika ufunguo wa kabati la vitabu, wanacheka. Wanadhani mama yao ametunga hadithi ili aonekane mtu.

"Njoo Jumapili," alisema. "Uwaambie."

Nikamwambia nitakuja. Jumapili ile sikwenda. Nilipika biriani, unakumbuka, ukashangaa ni kwa sherehe gani. Jumapili ya pili nilipanda taxi mpaka Warwick, nikashuka, nikarudi nyumbani. Nilimwambia baba yako wiki ile, yote, tangu mwanzo. Akasema anajua. Bluff nzima ilijua. Walinyamaza kwa sababu neno langu liliwafaa.

Hilo ndilo lililonipeleka Umlazi Jumapili ya tatu, zaidi ya huruma yoyote. Nilikuwa nimedhani ninabeba siri.

Nyumba yake ni vyumba viwili vya matofali, safi sana. Wanawe watatu walikuwa wameketishwa wananingoja. Mkubwa, Sipho, anafanya kazi bandarini. Nilisema kwa Kizulu changu kibovu. Niliwaambia mama yenu hasemi uongo. Niliwaambia habari za ukaguzi, kwamba alinyoosha mkono akasema bibi yake alikuwa mtumwa, kwamba mimi nilimkana, na kwa nini wao wamezaliwa Umlazi. Nilipofika kwenye kuomba msamaha Zubeda akanikatiza.

"Sikukuomba uje uombe msamaha," alisema. "Nilikuomba uje useme. Na hukusema sawasawa."

Nikamwuliza nimekosea wapi.

"Mimi sikusema bibi yangu tu. Nilisema bibi yangu na bibi yake Mwalimu. Waliuzwa siku moja, wawili kwa shuka moja. Bi Rehema ndiye aliyetusimulia. Nilikuonyesha kwa kidole. Nilidhani utafurahi."

Saida, ni kweli. Aliponiambia tu nilikiona kile kidole. Yule bwana alinigeukia mimi kwa sababu mtoto alikuwa ananionyesha mimi. Niliposema si wa watu wetu, nilikuwa najiondoa mimi mwenyewe kwenye shuka ile, nimwache yeye peke yake. Nimerudi nikasoma ukurasa wa ukaguzi niliokuandikia mwanzo, nikaona nimeandika vile vile nilivyozoea kujisimulia, bila kidole, bila bibi yangu. Na hivyo ni baada ya kutoka Umlazi, baada ya kusahihishwa. Ningeweza kuchana karatasi nikaanza upya. Nimeiacha ili uone jinsi mkono unavyoandika wenyewe.

Sipho aliniuliza kwa nini nilifanya vile. Nikasema niliogopa. Akasema, "Eish, Gogo, kila mtu aliogopa." Hakusema kwa ukali; Gogo kwao ni bibi. Alitoka nje, na hakurudi mpaka nilipoondoka. Mabinti walikaa na mama yao. Mdogo alikuwa amemshika mkono, anamtazama kama mtu aliyeletewa mgeni.

Ijumaa ya wiki iliyofuata nilipeleka orodha kwenye mkutano wa kamati. Nilisoma nyumba moja moja, na ya saba nikaisoma kwa sauti: Bi Salama, mjane, na mwanawe wa kumzaa Zubeda. Mwenyekiti akasema nadhani Mwalimu amechoka, familia hiyo kwenye vitabu vya serikali ni Wazulu. Nikasimama nikaeleza kwa nini ni Wazulu kwenye vitabu. Nilieleza na kidole. Mama mmoja tuliyeolewa naye wiki moja, aliyekushika ulipozaliwa, alisema ninataka karatasi za wote zifukuliwe upya, kwamba nimewaza roho yangu tu na si watoto wa watu. Huenda ana haki. Wengine walitoka kabla sijakaa. Mwenyekiti aliikunja orodha akaitia mfukoni, na mpaka leo hajasema kama ataipeleka na nyumba ya saba au bila hiyo. Kwa hiyo juzi mimi na Zubeda tulikwenda wenyewe kwenye ofisi ya madai mjini, nikaapa, nikatia sahihi maelezo yangu, naye akatia yake. Karani akagonga muhuri. Kama ardhi itarudi sijui, na kama ikirudi sijui atapewa nani. Tulipotoka yeye alikwenda kwenye mahindi yake. Hajaniambia kama amenisamehe, nami nimejifunza kutouliza.

Somo lako ni zuri. Sikwambii ulifundishe wala uliache. Ila watoto wengine watarudi na jibu ambalo nyumbani kwao limekatazwa, na watalisema mbele ya watu wakikutazama wewe. Wakati huo usiwe na haraka kama niliyokuwa nayo mimi.

Jana kwenye dua ya kukuaga tulikodi viti hamsini, na nilipika pilau ya watu hamsini. Ulihesabu waliokuja, nilikuona. Walikuwa kumi na mmoja, na wanne kati yao ni Mama Bea na wanawe. Uliniuliza wako wapi watu wa Bluff waliokulea, nikakwambia labda ni mvua. Haikuwa mvua. Wamekunyima dua yako kwa ajili ya niliyoyasema Ijumaa ile, na wewe hujui lolote. Wengine watakuandikia Port Elizabeth kukueleza kwa namna yao, nami nilitaka uyapate kwanza kwangu.

Nisamehe kwa vile viti. Kwa hayo mengine, mwanangu, usinisamehe haraka.

Mama yako